Mkataba umeanguka: tafuta chanzo kabla ya kumlaumu mwenzako

Kwenye briji tatizo huonekana mwishoni, lakini huwa limeanza mapema. Mzunguko wa kumi na mbili mtu anatoa karata, mpinzani anaila, mkataba umeanguka, na meza nzima inaigeukia karata ile ya mwisho. Mara nyingi karata hiyo haina kosa lolote. Kosa lilifanyika kwenye mnada, au kwenye mzunguko wa kwanza pale ree ilipotolewa kwa pupa. Mwongozo huu unaanza na dalili unazoziona mezani, kisha unarudi nyuma mpaka kwenye uamuzi ulioharibu mambo.

Nimeuandika nikizifikiria meza za hapa Mtwara, za barazani Shangani na Ligula jua linapopoa. Wengi wetu tumefika kwenye briji tukitokea michezo mingine ya karata, na tumekuja na mazoea yake: kucheza haraka, kukata kwa turufu kila nafasi inapotokea, na kumsoma mwenzi usoni. Mazoea hayo matatu yanaeleza sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu.

Ili tuelewane: mzunguko ni zile karata nne zinazotolewa moja moja na kuliwa na mmoja. Mchezaji mkuu ndiye anayecheza mkataba, na mkono wazi ni wa mwenzake, unaolazwa mezani baada ya karata ya kwanza kutolewa. Mnada ni zamu za kutangaza madau kabla ya kucheza; dau la juu ndilo linalokuwa mkataba, na namba yake ni mizunguko unayoahidi kula juu ya sita. Ngazi za mnada zinapanda hivi: pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu. Mkataba kamili ni ule unaofikisha pointi 100 kwa hesabu ya ulichotangaza: 3 bila turufu, 4 kopa au shupaza, 5 pau au uru.

Kabla ya yote, tunzeni ushahidi

Huwezi kutafuta chanzo kama karata zimeshachanganywa. Acheni kutupa karata katikati ya meza. Kila mtu aiweke yake mbele yake mwenyewe, kifudifudi mzunguko ukiisha, imesimama kuelekea kwa mwenzi kama upande wenu umekula, imelala kwa ubavu kama mmeliwa. Ndivyo wanavyofanya kwenye mashindano. Mchezo ukiisha mnageuza karata, mikono yote minne inaonekana ilivyokuwa, na ubishi unakwisha kwa dakika mbili. Meza ikilifanya hili peke yake, itaendelea hata bila mwalimu.

Dalili: mnapanda hadi 4 kopa au 4 shupaza, na kila mara mnaanguka kwa mmoja au miwili

Angalia mnada kwanza. Hesabu ya kawaida ni ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Karata nzima ina pointi 40, na mkataba kamili wa kopa, shupaza au bila turufu kwa kawaida unataka kama 25 au 26 kwa pamoja.

Chanzo cha kwanza ni kusema nguvu ileile mara mbili. Umefungua 1 shupaza ukiwa na pointi 13 na mkono wa kawaida. Mwenzako amesema 2 shupaza, yaani ana karata tatu au zaidi za aina hiyo na pointi kati ya 6 na 9. Ameshasema yote aliyonayo. Hata akiwa na 9, jumla ni 22. Ukienda 4 shupaza hapo, unazipandia dau zile 13 ambazo ulishazitangaza ulipofungua. Kadhalika yule aliyesema 2 shupaza: ukimuuliza kwa 3 shupaza na ana 6, apite. Kuogopa kuonekana mnyonge hakuongezi hata malkia mmoja.

Hapa ndipo wageni wengi wa mchezo huu hupotea. Kwenye mnada wa korosho wa zamani, ule wa sanduku, mnunuzi aliandika bei yake, akaitumbukiza sandukuni, na bei hiyo haikumwambia mtu yeyote jambo lingine. Mnada wa briji ni mazungumzo. Kila dau linampa mwenzako habari mbili, nguvu na urefu wa aina, hata kama hamtaucheza mkataba huo kamwe. Ukipanda kwa sababu tu unaona karata zako zinapendeza, umesema uongo, na mwenzako ataujenga uamuzi wake juu ya uongo huo.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi: karata pekee iliyokaa mbele ya utajiri usio na kazi. Kuwa na uru moja tu ni jambo zuri kama mwenzako ana uru ndogondogo, maana utazikata. Lakini kama ana mfalme, malkia na jeki wa uru, pointi 6 zake zimelala bure na wewe hukuhitaji kukata. Mkizihesabu zote, pointi za picha na pointi za ufupi, mmehesabu kitu kimoja mara mbili.

Dalili: mnasimama 2 kopa mnakula mizunguko 10

Ugonjwa huu ni wa watu waangalifu, na unagharimu zaidi kuliko ule wa kwanza. Harold Vanderbilt alipopanga upya hesabu za mchezo huu mwaka 1925, msingi wake ulikuwa kwamba zawadi kubwa inakwenda kwa aliyetangaza kabla ya kucheza. Kwa hesabu za mashindano, ukila 10 ukiwa 2 kopa unapata 170. Ukila 10 ileile ukiwa 4 kopa unapata 420, na ukiwa hatarini (hali ambayo zawadi na adhabu za upande wenu ni kubwa zaidi) 620.

Piga hesabu mwenyewe. Uko hatarini na mnajiuliza kama mwende 4 kopa au msimame 3. Mkienda na ikafika, mmeongeza 450. Mkienda na mkaanguka kwa mmoja, mmelipa 100 na mmekosa 140 mliyokuwa nayo, jumla 240. Kwa hiyo hata mkataba unaofika mara nne tu katika kumi unastahili kutangazwa. Msipokuwa hatarini faida ni 250 na hasara ni 190, hivyo mnahitaji kukaribia nusu kwa nusu. Wanaosema "tusijihatarishe, tuko hatarini" wameishika hesabu hii kichwa chini.

Chanzo kingine ni kupita dau lisiloruhusu kupita. Umefungua 1 uru, mwenzako amesema 1 kopa. Hiyo ni aina mpya kutoka kwa mjibu, haina kikomo juu. Anaweza kuwa na 6 au 16. Lazima useme kitu. Hapa mkubaliane kabla ya kukaa, maana mezani hakuna nafasi ya kuulizana.

Dalili: 3 bila turufu inaanguka, na mlikuwa na pointi 26

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo mikataba mingi inapofia, na karibu mara zote inafia kwenye mzunguko wa kwanza. Tazama mikono hii. Wewe ni Kusini.

Kaskazini: shupaza 8 4, kopa mfalme, malkia, 6, uru ree, 9 8 7 3, pau 8 5 2.
Kusini: shupaza ree, 7 2; kopa ree, 8 5; uru malkia, jeki, 10 4; pau ree, malkia, 3.

Umefungua 1 bila turufu kwa pointi 17, mwenzako ana 9, amekwenda 3 bila turufu. Mnada hauna dosari. Magharibi anatoa shupaza 5, mkono wazi unaweka 4, Mashariki anaweka malkia.

Mtu aliyezoea kucheza haraka anapiga ree hapo hapo, kisha anatoa malkia wa uru kumvizia mfalme, yaani akitumaini yuko kwa Magharibi na atanaswa. Mfalme yuko kwa Mashariki. Mashariki anakula, anarudisha shupaza 10, Magharibi anaipita kwa jeki na kukomba shupaza nne. Mizunguko mitano imekwenda. Umeanguka kwa mmoja, na utasikia watu wakisema "mfalme wa uru alikuwa vibaya".

Mfalme wa uru hana hatia. Rudi mwanzo na uhesabu kabla ya kugusa karata. Mizunguko ya uhakika: shupaza 1, kopa 3, uru 1, pau 1, jumla 6. Zinahitajika 3 zaidi, na uru zitazileta hata mfalme akikushinda, kwa sababu mna uru tisa. Kitu pekee kinachoweza kukuua ni Mashariki kuingia kwa mfalme akiwa bado ana shupaza ya kumpelekea mwenzake. Basi mnyime shupaza hizo. Acha malkia ale. Anarudisha 10, acha nayo ile. Mzunguko wa tatu wa shupaza ndipo unapiga ree. Sasa Mashariki, aliyekuwa na malkia, 10 na 6, amebaki mtupu. Toa malkia wa uru, aule kwa mfalme: hana shupaza ya kurudisha. Akirudisha pau, piga ree mara moja bila kujaribu malkia, kisha kula zilizobaki. Shupaza 1, kopa 3, uru 4, pau 1: tisa kamili.

Je, kama shupaza zao zimegawanyika nne kwa nne? Mashariki atakuwa bado na moja, lakini hapo utapoteza shupaza tatu tu na mfalme wa uru, yaani minne, na mkataba unasimama. Kuchelewesha ree hakukugharimu kitu.

Uicheleweshe mara ngapi? Toa kwenye 7 idadi ya shupaza zenu wawili. Mna tano, 7 toa 5 ni 2: achia mara mbili. Kanuni hii inafaa bila turufu, ukiwa na ree peke yake kama kizuizi. Usiitumie kama kuna aina nyingine mliyo dhaifu zaidi na wapinzani wanaweza kuihamia. Hapo ni afadhali kula mapema na kukimbilia mizunguko yako.

Dalili: turufu zimekuishia na bado una karata za kupoteza

Kuna watu wawili wenye dalili hii, na kila mmoja anahitaji dawa tofauti. Wa kwanza havuti turufu kabisa. Anaanza kula ree na wafalme wa pembeni, mpinzani anakata wa tatu kwa turufu ndogo, na mkataba unavuja. Huyu ameshaambiwa mara nyingi: vuta turufu kwanza.

Wa pili ameusikia ushauri huo na anaufuata bila kutazama. Chukua mkataba wa 4 kopa:

Kaskazini: shupaza mfalme, 9 5 4 2, kopa 9 8 3, uru 6, pau ree, 7 5 2.
Kusini: shupaza ree, 6; kopa mfalme, malkia, jeki, 10 5; uru ree, 7 4; pau 8 6 3.

Magharibi ametoa mfalme wa pau, umekula kwa ree. Hesabu utakazopoteza: ree ya kopa moja, uru mbili, pau mbili. Tano, na unaruhusiwa tatu. Hizo uru mbili zinaweza kukatwa kwenye mkono wazi, ambao una turufu tatu. Ukivuta kopa mara moja, mpinzani anakula kwa ree na kurudisha kopa nyingine. Mkono wazi umebaki na turufu moja, na uru moja imekosa pa kwenda. Kwa hiyo: ree ya uru, kata uru kwa kopa 8, rudi kwako kwa ree ya shupaza, kata uru ya mwisho kwa 9. Halafu ndipo uvute turufu. Unapoteza ree ya kopa na pau mbili, mkataba umefika.

Tazama pia kwamba pointi za mikono hii ni 21 tu. Uru ile moja, pamoja na turufu tatu nyuma yake, ndiyo iliyolipia zilizopungua. Ndiyo tofauti kati ya ufupi wenye kazi na ule usio na kazi niliousema juu.

Kanuni ninayoiamini: kata kwenye mkono wenye turufu chache. Kukata kwenye mkono wenye turufu nyingi mara nyingi hakuongezi mzunguko, kwa sababu turufu hizo zingekula vilevile.

Dalili: kila ukivizia unashindwa

Kwanza tenga bahati na kosa. Kuvizia mfalme mmoja kunafaulu mara moja katika mbili. Ukishindwa mara tatu mfululizo hujakosea. Ukifaulu mara tatu pia hujawa bingwa. Kosa ni kuvizia pasipohitajika, au kuvizia kabla ya kujaribu njia nyingine.

Mfano mmoja. Una ree, mfalme, malkia na 4 za uru, mkono wazi una uru tatu ndogo. Una pia ree na malkia wa shupaza, mfalme hujui alipo. Unahitaji mzunguko mmoja wa ziada. Wengi wanavizia shupaza papo hapo, wakishindwa wameishia hapo. Kula uru tatu kwanza. Uru sita zilizobaki zinagawanyika tatu kwa tatu kwa asilimia kama 36, na ikitokea hivyo ile 4 yako imekuwa ya kula. Isipotokea, vizia sasa. Nafasi yako imepanda kutoka 50 hadi kama 68 kwa mia.

Malkia akikosekana: mkiwa na karata nane za aina hiyo, vizia, mkiwa na tisa, piga ree na mfalme umtarajie aanguke. Tofauti kwenye tisa ni ndogo, kwa hiyo kama mnada umekuonyesha mpinzani mmoja ana karata nyingi sana za aina nyingine, ufuate mnada.

Dalili: wapinzani wanafikisha mikataba ambayo ilipaswa kuanguka

Ulinzi ni nusu ya mchezo na ndio tunaoufanyia mazoezi kidogo kuliko yote. Dhidi ya bila turufu, toa karata ya nne kutoka juu ya aina yako ndefu. Faida yake iko kwa mwenzako. Rudi kwenye mkono wa mwanzo: Magharibi alitoa shupaza 5. Mashariki anatoa 5 kwenye 11, anapata 6. Hizo ndizo karata kubwa kuliko 5 zilizo nje ya mkono wa Magharibi. Anaiona 8 mezani, ana malkia, 10 na 6 mkononi. Zimebaki mbili, ziko kwa Kusini. Kabla mzunguko wa kwanza haujaisha, mlinzi anajua mchezaji mkuu ana shupaza mbili tu za kumsumbua.

Mengine ni mafupi. Ukiwa wa pili kucheza, weka ndogo isipokuwa una sababu. Ukiwa wa tatu na mwenzako ametoa ndogo, weka kubwa. Mwenzako akitoa aina yake, mrudishie, na kama hurudishi uwe na sababu unayoweza kuieleza mikono ikishageuzwa. Na msitoe ree iliyo peke yake bila mfalme dhidi ya mkataba wa turufu kwa haraka ya kutaka kula. Kazi ya ree ni kumla mfalme.

Dalili: mnadabo na wanafika

Kudabo ni kutangaza kwamba mkataba wa wapinzani hautafika, ili hesabu yake iongezwe. Kudabo mkataba mdogo kwa sababu tu una pointi nyingi ni ghali. 2 kopa ikifika bila dabo inawapa 110. Ukidabo na ikafika, imegeuka mkataba kamili: 470, au 670 wakiwa hatarini. Dabo ya adhabu inataka turufu, hasa zilizokaa nyuma ya mchezaji mkuu, na mwenzi aliyeonyesha nguvu kwenye mnada. Ukiwa na shaka kwenye ngazi ya 2, pita.

Matatizo ya meza yenyewe

Ukisita sekunde nyingi kisha ukapita, umemwambia mwenzako kwamba ulikuwa na kitu. Sheria inamkataza kukitumia anachokijua kwa njia hiyo. Kukohoa, kuweka karata kwa kishindo, kumtolea mwenzi macho, vyote ni hivyohivyo. Dawa ni kuwa na mwendo mmoja: chukua sekunde chache zilezile hata kama jibu unalo.

Msimu wa korosho sahani ya zilizokaangwa haikosekani mezani, na mafuta ya vidole yanaacha doa mgongoni mwa karata. Wiki ya pili kila mtu anaijua ree ya shupaza ikiwa bado mkononi mwa mwenzake. Korosho ziliwe wakati wa kuchanganya, mikono ifutwe, na karata za karatasi zibadilishwe zikianza kunyonya unyevu wa bahari na kushikana. Za plastiki zinadumu zaidi hapa pwani.

La mwisho ni kukana aina: kopa imetolewa, mtu anayo, lakini anatoa pau. Akigundua kabla yeye au mwenzi wake hajacheza kwenye mzunguko unaofuata, anasahihisha. Kama ni mlinzi, karata aliyoitoa inabaki wazi mezani kama karata ya adhabu. Ikishapita hapo, hesabu ni hii. Aliyekana akiwa ndiye aliyekula mzunguko ule, mzunguko huo unahamia kwa wapinzani, pamoja na mmoja mwingine kama upande wake umekula wowote baadaye. Kama si yeye aliyekula, lakini upande wake umekula ule au wowote uliofuata, unahamia mmoja. Upande wake usipokula chochote tangu hapo, hakuna kinachohamishwa. Andikeni hayo kwenye kipande cha karatasi kikae chini ya daftari la pointi.